Kusi Haianzi Mtwara

Hotuba kwa walimu wa jiografia na wanafunzi wa sekondari, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliokuja na watoto wenu, na ninyi wanafunzi ambao ndio hasa mlionileta hapa: assalamu alaykum, tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie pepo za biashara, zile pepo za kudumu zinazovuma kuelekea ikweta kutoka kila upande wake. Najua mada hii inavyofundishwa. Mwalimu anachora duara ubaoni, anapitisha ikweta katikati, anaweka mishale juu na chini, anaandika nyuzi 30 huku na nyuzi 30 kule, wanafunzi wananakili, na siku ya mtihani mishale inarudi kama ilivyochorwa. Mchoro ule ni sahihi. Kinachoniuma ni kwamba Tanga haimo ndani yake. Mtoto anamaliza kidato cha nne akiamini kwamba pepo za biashara ni habari za Atlantiki na safari za Columbus, na kwamba kusi inayompiga kifuani akitoka shule mwezi wa saba ni jambo la wavuvi na wazee, lisilo na nafasi kwenye daftari.

Ndugu zangu, kusi ndiyo pepo hizo za biashara. Ni tawi lake la Bahari ya Hindi, tena tawi lenye tabia ambayo hutaiona Atlantiki wala Pasifiki kwa nguvu hii, kama nitakavyoeleza. Aliyesimama Ras Kazone mwezi wa Julai amesimama ndani ya ule mchoro wa ubaoni.

Tuanzie inakotoka. Ukimuuliza mtu wa hapa kwetu, atakuambia kusi inatoka Mtwara huko, Msumbiji huko. Haianzi Mtwara. Mtwara nako inafika ikiwa imeshasafiri sana. Chimbuko lake liko baharini, mashariki ya Madagaska, kwenye eneo kubwa la mgandamizo wa juu wa hewa lililo karibu na nyuzi 30 kusini. Wataalamu wanaliita kwa jina la visiwa vya Maskareni, yaani Morisi, Réunion na Rodrigues. Kipupwe kinapoingia, mgandamizo ule unapata nguvu, na hewa inaanza kumiminika kuelekea kaskazini-magharibi. Inapita Morisi. Inapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, ambako watu wa Antsiranana wanaiita varatraza na wanaijua kwa ukali wake kama sisi tunavyoijua. Inapita Komoro. Ndipo inagusa pwani yetu, ikiwa imekata zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu, bila mlima wa kuisumbua ila ile ncha ya Madagaska. Ndiyo maana inafika ikiwa imetulia, imenyooka na imejaa unyevu.

Kwa nini hewa ijikusanye kule nyuzi 30? Sababu ni jua. Ukanda wa ikweta unapata joto kuliko sehemu nyingine za dunia. Hewa ya pale inapata moto, inabeba mvuke wa bahari na wa misitu, inapanda hadi kilomita 15 na zaidi, na njiani inamwaga maji yake kwa mvua za radi. Ikishafika juu haiwezi kuendelea kupanda, kwa hiyo inatawanyika, nyingine kaskazini, nyingine kusini. Inapokaribia nyuzi 30 inashuka, na inashuka ikiwa kavu. Fungueni atlasi mtazame kilichopo chini ya sehemu hizo inakoshukia: Sahara, Uarabuni, Kalahari, majangwa ya Australia. Hewa iliyoshuka haina pa kwenda isipokuwa kusambaa juu ya uso wa dunia, na sehemu kubwa inarudi ikweta ilikotoka. Safari hiyo ya kurudi ndiyo upepo tunaouzungumzia.

Aliyechora ramani ya kwanza ya pepo hizi ni Mwingereza Edmond Halley, mwaka 1686, yule yule ambaye nyotamkia maarufu imepewa jina lake. Alipokuwa kijana aliishi katika kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki ya kusini, akipima nyota, na St Helena imekaa ndani ya pepo za kusini-mashariki mwaka mzima. Halley alitambua kwamba jua ndilo linaloendesha jambo lote. Hakuweza kueleza vizuri kwa nini upepo unakuja ukiwa umelalia upande wa mashariki badala ya kuja moja kwa moja kutoka kusini au kaskazini. Swali hilo lilijibiwa mwaka 1735 na George Hadley, ambaye kwa taaluma alikuwa mwanasheria.

Naomba tulifuate jibu lake polepole, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokariri bila kuelewa. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ardhi ya ikweta inakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa sababu ndiyo yenye mzunguko mpana. Kwenye nyuzi 30 mzunguko ni mdogo, na kasi ni takriban kilomita 1,450. Hewa inayotoka nyuzi 30 inakuja ikweta na kasi ya kwao. Kila inaposogea inakuta ardhi iliyo chini yake inakwenda haraka kuliko yenyewe, kwa hiyo inaachwa nyuma. Ni sawa na mtu anayetoka kwenye mashua iendayo taratibu akakanyaga mashua iendayo kasi: mwili unabaki nyuma. Sisi tuliosimama juu ya ardhi tunauona upepo ukitujia kutoka mashariki. Hadley alijua pia kwamba hesabu hiyo peke yake ingetupa kimbunga cha kilomita zaidi ya 200 kwa saa, akaeleza kwamba msuguano wa bahari na nchi kavu unaipunguza kasi hiyo njiani.

Hesabu kamili zaidi zilikuja kutokana na kazi ya Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, mwaka 1835. Yeye hakuwa akishughulika na upepo, alikuwa akichunguza mashine zinazozunguka. Kanuni iliyotokana na kazi yake ni fupi: kusini ya ikweta hewa iliyo mwendoni hupindishwa kushoto, kaskazini ya ikweta hupindishwa kulia, na kwenye ikweta yenyewe haipindishwi.

Wanafunzi, ishikeni kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha Bahari ya Hindi inavyojitenga na bahari nyingine.

Katika Atlantiki na sehemu kubwa ya Pasifiki, pepo za kusini-mashariki na za kaskazini-mashariki zinakutana mahali fulani karibu na ikweta, hewa inapanda, na hadithi inaishia hapo. Kwetu sisi, kaskazini kuna bara la Asia. Kati ya Juni na Septemba bara lile linachomwa na jua, hewa yake inakuwa nyepesi, mgandamizo unashuka, na linaivuta hewa kutoka mbali sana. Kusi inafika ikweta na haisimami. Inavuka. Na ikishavuka, kanuni inageuka: upepo uliokuwa ukipindishwa kushoto sasa unapindishwa kulia. Kugeuka huko kunaanza hata kabla ya ikweta, nguvu ya kupindisha kushoto inapopungua: upepo ule ule unaofika Mtwara kutoka kusini-mashariki, hapa Tanga unakuja karibu moja kwa moja kutoka kusini, Lamu umeshaanza kulalia kusini-magharibi, na mbele ya pwani ya Somalia ni upepo kamili wa kusini-magharibi unaokwenda Oman na India.

Kuna jambo jingine linaloupa nguvu. Nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zinauzuia usisambae bara, zinaubana upande wa pwani, na hewa iliyobanwa huongeza mwendo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichambua vipimo vya upepo wa angani juu ya Kenya na bahari iliyo karibu, akaonyesha kwamba pale kuna mkondo mwembamba wa upepo wenye kasi ya ajabu, kwenye urefu wa kama kilomita moja na nusu tu kutoka usawa wa bahari. Kuna nyakati kasi yake inapita kilomita 100 kwa saa. Leo mkondo huo unatajwa kwa jina lake duniani kote.

Wapo humu ukumbini wenye ndugu Oman. Waulizeni habari za Salalah. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati sehemu kubwa ya Uarabuni inaungua, milima ya Dhofar inafunikwa na ukungu na manyunyu na kugeuka kijani, na watu wanasafiri kutoka nchi zote za Ghuba kwenda kuyaona majani. Huo ni unyevu ulioletwa na upepo uliopita mbele ya pwani yetu. Kerala, kusini ya India, wanaungoja upepo huu mwanzoni mwa Juni na kutangaza kufika kwake nchi nzima, kwa sababu karibu asilimia 70 ya mvua yao ya mwaka inanyesha katika miezi minne ya msimu huu. Hewa iliyopita juu ya paa la shule hii wiki ya kwanza ya Juni inaweza kufika kwenye mashamba ya mpunga ya Kerala kabla ya wiki kwisha. Na mbele ya Somalia, upepo huo huo unayasukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini, na samaki wanakuwa wengi.

Kaskazi nitaipitia kwa haraka, kwa sababu kanuni yake mmeshaipata. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi jua liko kusini, Asia imepoa, hewa inashuka kule na kutiririka kuja huku. Hizo ni pepo za biashara za kaskazini-mashariki zilizotiwa nguvu na ubaridi wa bara. Pepo mbili hizi zinapokutana ndipo unapokaa ukanda mvua, ule mnaousikia kila siku kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukanda unalifuata jua. Unatupitia ukielekea kaskazini, tunapata masika. Unatupitia ukirudi kusini, tunapata vuli. Mtwara na Songea uko karibu na mwisho wa safari yake, kwa hiyo kwenda na kurudi kwake kunaungana, nao wanapata msimu mmoja mrefu. Wazee wa pwani walisema kaskazi mja naswi, yaani huja na samaki, kusi mja na mtama, na ukizitazama kalenda za mvuvi na mkulima utaona walikuwa wakiisema kanuni hii hii kwa upande wa chakula.

Sasa nataka tuondoke baharini, twende milimani, kwa sababu kuna watu wanaodhani habari za kusi zinaishia ufukweni.

Maji ya bomba ya mji huu yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi. Zigi unatoka Usambara Mashariki, kule Amani. Amani inapata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Vuka milima, shuka upande wa pili hadi Mkomazi na Same, utakuta miiba na vumbi, na mvua ambayo ni kama theluthi moja ya ile ya Amani. Umbali si mkubwa na jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba Amani imetazama bahari. Hewa yenye unyevu inagonga mlima, inalazimika kupanda, inapoa, mvuke unakuwa mawingu na mawingu yanakuwa mvua. Inapofika nyuma ya mlima imeshamaliza ilichobeba. Ndivyo ilivyo Uluguru pia: miteremko ya mashariki imelowa, na Mto Ruvu unaotoka huko ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Ndivyo ilivyo Kilimanjaro: Machame na Kibosho, upande wa kusini, wana migomba na kahawa na mifereji ya maji, wakati upande wa kaskazini ni mkavu. Mito ya upande ule wenye maji inaingia Mto Pangani, inajaza Nyumba ya Mungu, inazungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha inaingia baharini pale Pangani, baharini ambako mvuke ulitoka.

Kwa hiyo anayekata msitu wa Usambara anagusa mwisho wa safari iliyoanzia Morisi. Upepo utaendelea kuja na unyevu wake, lakini maji yanahitaji miti ya kuushika ukungu na udongo wa kuyahifadhi, la sivyo yatashuka siku moja na matope na kutuacha na mto mkavu. Nalisema hili nikiwatazama wanafunzi wa Muheza na Lushoto waliomo humu.

Nirudi baharini kwa habari ambayo kila mtoto wa Tanga angepaswa kuijua kabla hajasikia lolote la Columbus.

Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kwenye pwani hii kutoka Msumbiji. Moja yao, São Rafael, ilikwama kwenye miamba karibu na Mtangata, yaani hapa hapa upande wa Tongoni, kusini ya mji wetu. Maji yalipojaa ikaelea tena, wakaendelea hadi Mombasa na Malindi. Malindi wakapewa rubani aliyeijua bahari na majira yake. Jina lake wanahistoria wanabishana hadi leo, ila kazi yake haina ubishi: waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ndiyo kwanza inashika, wakaiona nchi ya India baada ya siku 23.

Tazameni sasa kurudi kwao. Waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498. Nahodha yeyote wa Oman, wa Gujarati au wa Lamu angewaambia wangoje. Oktoba kusi imekwisha na kaskazi haijaanza. Ni maleleji, upepo unazunguka huku na huku, siku nyingine bahari inalala kabisa. Mwenye busara anasubiri hadi kaskazi ishike, mwezi wa Desemba au karibu na hapo, anapakia mzigo wake na kufika Afrika kwa wiki chache. Wao hawakungoja. Safari iliyokuwa ya siku 23 ikawa ya karibu miezi mitatu. Mabaharia wakavimba fizi kwa kukosa matunda na mboga, na kama 30 kati yao wakafa. Walipofika tena huku, Januari 1499, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote. Wakatia nanga karibu na miamba ile ile ya Mtangata, wakahamisha vitu, wakaichoma moto São Rafael.

Merikebu ile iliungua mbele ya macho ya watu wa kwetu, ambao waliwauzia kuku mabaharia wale, na ambao bila shaka walijua vizuri ni mwezi gani mtu huvuka bahari. Maarifa hayo yalikuwa na umri mkubwa. Kitabu cha mwongozo wa bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinazitaja bandari za pwani yetu na mwezi wa kung'oa nanga kuja huku. Manahodha walihesabu siku kuanzia Nairuzi, kwa miongo, kumi kumi, wakajua ni mwongo wa ngapi bahari inafungwa na wa ngapi inafunguka. Makunduchi bado wanaukaribisha mwaka huo mpya kila Julai.

Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Oman, Kuwait na Kutch, yakiwa na tende, chumvi, mazulia na makasha. Yakarudi na kusi, yamejaa boriti za mikoko za Rufiji na Lamu kwa ajili ya mapaa ya nchi zisizo na miti. Mabaharia walikaa miezi bandarini wakingoja upepo ugeuke. Walioa, walizaa, walizika, walijenga misikiti. Nyumba nyingi za pwani zina ukoo uliotokana na miezi hiyo ya kungoja.

Na sitawaficha watoto upande mwingine. Upepo huo huo ulibeba watu waliofungwa minyororo, kutoka Kilwa kwenda Unguja, kutoka Unguja, Pangani na bandari nyingine kwenda Uarabuni. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar kwa mkataba wa 1873, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri. Upande wa Atlantiki pepo za kaskazini-mashariki na za kusini-mashariki zilizisukuma merikebu zilizopakia Waafrika zaidi ya milioni 12 kuelekea Brazili, Karibi na Marekani. Mwalimu anapochora mishale ile ya Atlantiki, aseme ilibeba nini. Mwanafunzi mwenye umri wa kujifunza jiografia ana umri wa kuambiwa hilo.

Nigusie mabadiliko, kwa kuwa najua mtauliza. Pepo za biashara za Pasifiki kwa kawaida huyasukuma maji ya moto kuelekea Indonesia, kiasi kwamba bahari ya huko imeinuka kama nusu mita kuliko ya pwani ya Peru. Miaka fulani pepo hizo zinalegea, maji ya moto yanarudi mashariki, na mpangilio wa hewa wa ukanda mzima wa ikweta unavurugika. Hiyo ndiyo El Niño. Mvua za 1997 na 1998 wazazi wenu wanazikumbuka hapa Tanga, na chanzo chake kilikuwa upepo uliolegea upande wa pili wa dunia. Bahari ya Hindi nayo ina mbinu yake: miaka mingine upepo wa mashariki unapata nguvu kwenye ikweta, maji karibu na Sumatra yanapoa, ya kwetu yanapata joto kupita wastani. Ilitokea hivyo mwaka 2019. Vuli ikatufurikia, madaraja yakaenda na maji, na wakati huo huo Australia ilikuwa ikiungua kwa ukame. Mkisikia kwenye taarifa kwamba joto la bahari liko juu ya wastani, msiyachukulie kuwa maneno ya kawaida ya redioni. Waambieni nyumbani.

Upo pia upande wa faida mpya. Kaskazini mwa Kenya, kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, pana uwazi ambao upepo wa kusini-mashariki unapita ukiwa umebanwa. Mwaka 1982 Mkenya J. H. Kinuthia na mwenzake G. C. Asnani walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba pale pana mkondo wa upepo mkali karibu kila wakati. Leo karibu na Ziwa Turkana kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo ulipimwa kwanza na kueleweka, mitambo ikafuata baadaye.

Kupima ndilo jambo la mwisho ninalotaka kuwaomba, na halihitaji bajeti. Kila shule iliyo karibu na bahari isimamishe mlingoti mahali pasipo na miti wala majengo, ifunge utepe wa kitambaa chepesi juu, iandike pande nane za dira kwa rangi chini yake. Wanafunzi wawili wa zamu waandike upande ambao upepo unatoka, saa nne asubuhi, kila siku ya shule. Nasema saa nne kwa sababu alfajiri kuna umande, yaani upepo mwanana unaotoka bara, nao utawapa jibu la uongo. Na kuanzia mchana nchi kavu imepata moto, inavuta upepo wa bahari wa hapa hapa, na huo nao unachanganyika na kusi. Saa nne umande umekwisha na ule wa mchana bado haujashika. Nguvu ya upepo iandikwe kwa maneno matatu tu: umetulia, wa wastani, mkali.

Anzeni Machi, kaskazi ikiwa bado inavuma, msikatize hadi Oktoba. Mtaiona siku kaskazi inapolegea, mtaziona wiki za maleleji ambapo kila siku ina jibu lake, kisha mtaiona kusi inavyoshika na kukataa kuondoka. Nimeshazungumza na walimu wa Mtwara na wa Lamu, na wako tayari kufanya hivyo hivyo kwa saa hiyo hiyo. Ifikapo Julai wekeni madaftari matatu mezani, chukueni ramani ya pwani, na mchore mshale mmoja Mtwara, mmoja Tanga, mmoja Lamu, kwa upande ambao upepo ulitoka mara nyingi zaidi. Mstari utakaounganisha mishale hiyo utapinda mbele ya macho yenu, na kila mtu ataona upepo unavyogeuka ukiikaribia ikweta.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kama muda upo, wanafunzi waulize kwanza.